Vifaa vya mazoezi ya mchujo wa Utumishi kwa aliyeko Mwanza: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Jina likionekana kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo watu huiita Utumishi tu, wengi hukimbilia stesheneri ya karibu na kuuliza, "Maswali ya Utumishi yapo?" Yapo siku zote. Bunda la kopi linatolewa chini ya kaunta, limepigwa stepla pembeni, mnunuzi analipa bila hata kulifungua. Akifika nyumbani anakuta maswali mia mbili na ukurasa mmoja wa majibu: 1 B, 2 D, 3 A. Akikosa swali la saba hajui amekosea wapi, na akipata hajui kama ni ujuzi au bahati.

Maswali hayajawahi kuwa haba mjini hapa. Kilicho adimu ni majibu yanayoonyesha njia, na hicho ndicho unacholipia. Vifaa tumevipanga kwa kipimo hicho, tukitazama na bei.

Tunazungumzia sehemu mbili tu zinazoweza kuwamo kwenye mtihani wa mchujo, ule wa kuandika unaotangulia mahojiano: kusoma na kuelewa, na hesabu. Maswali ya taaluma yako (uhasibu, uuguzi, ununuzi na kadhalika) yana vitabu vyake. Hesabu za mchujo ni zilezile za asilimia, uwiano, wastani, kasi na muda, watu na kazi, faida na hasara, riba, mfululizo wa namba, na kusoma majedwali na grafu. Karibu zote zinafundishwa kabla ya kumaliza kidato cha pili. Kinachomwangusha mtu mwenye shahada ni muda na kutu. Tukichukua mfano wa maswali 50 kwa saa moja, ni sekunde 72 kwa swali, na aliyezoea kikokotoo cha simu kwa miaka sita anatumia sekunde 40 kugawanya 91 kwa 7.

Kipimo cha dakika kumi, kabla ya kutoa hela

Nenda dukani na kalamu na karatasi. Usisome jalada. Fungua majibu kwanza, kisha tafuta swali la aina hii: debe la dagaa lilikuwa shilingi 40,000, bei ikapanda asilimia 25, halafu ikashuka asilimia 20, sasa ni kiasi gani? Ilipopanda ilifika 50,000. Asilimia 20 ya 50,000 ni 10,000, kwa hiyo tumerudi kwenye 40,000. Majibu ya kitabu yakisema 42,000, mtungaji alitoa 20 kwenye 25 akabaki na 5, akasahau kwamba asilimia ya pili inahesabiwa kwenye bei mpya. Kirudishe rafuni. Mwenye kukosea hapo amekosea na kwingine.

Swali la pili la kupimia ni la kasi ya wastani. Boti inakwenda kilomita 60 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, inarudi njia ileile kwa 30. Kwenda saa 3, kurudi saa 2, jumla kilomita 120 kwa saa 5, yaani 24. Mabunda mengi ya kopi yanaandika 25, kwa sababu mtu alijumlisha 20 na 30 akagawa kwa mbili.

La tatu ni la ufahamu, na hapa ndipo vifaa vibovu vinapojianika. Chukua kifungu kama hiki cha mwalo, yaani ufuko wanapotia nanga wavuvi: "Boti zote zilizosajiliwa katika mwalo huu hukaguliwa kila mwaka. Mwaka jana boti tatu zilifungiwa kwa kukosa majaketi ya kujiokolea." Sasa useme kweli, si kweli, au haijulikani. "Boti tatu zilifungiwa kwa sababu hazikukaguliwa": si kweli, sababu imetajwa na ni nyingine. "Mwaka huu boti zinazofungiwa zimepungua": haijulikani, hakuna neno lolote kuhusu mwaka huu. "Mwalo huu una boti zaidi ya tatu": hapa kila mtu wa Kirumba, hapa Mwanza, atajibu kweli, maana ameuona mwalo kwa macho yake. Lakini kifungu hakijasema idadi ya boti zote. Jibu ni haijulikani. Kifaa kizuri kinakueleza hivyo, kwa sentensi moja au mbili, kikikuonyesha mstari wa kifungu uliobeba jibu au kukuambia kwamba mstari huo haupo. Kifaa kibovu kinaandika "C" na kuendelea.

Nafasi ya kwanza: vitabu vya shule, vya zamani

Hisabati ya darasa la sita na la saba, na Basic Mathematics ya kidato cha kwanza na cha pili. Watu huona aibu kuvinunua. Ila ndivyo vyenye mifano iliyofanywa hatua kwa hatua kabla ya zoezi, na ndivyo vya bei ya chini kuliko vyote. Mtaala mpya ulianza kutumika 2024, hivyo vitabu vya mtaala wa nyuma vinatolewa majumbani na kuishia kwa wauza vitabu vya mtumba. Asilimia haikubadilika na mtaala, chukua.

Kagua mambo matatu: kurasa zote zipo (hesabu za mwisho wa sura, uwiano na riba, ndizo zinazochanwa mara nyingi), majibu ya nyuma hayajakatwa, na mwenye kitabu wa kwanza hakujaza majibu kwa wino. Kwa penseli hakuna shida, unafuta.

Kama mfuko ni mwepesi kabisa, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, unasoma bila malipo ukiwa na bando. Mitihani ya kidato cha nne ya miaka iliyopita nayo inapatikana mtandaoni; vuta sehemu ya ufahamu ya Kiingereza na maswali ya mwanzo ya hisabati, acha trigonometria na vekta. Maktaba ya mkoa nayo ipo, na utulivu wake unafaa kwa kujipima kwa saa.

Kwa ufahamu, ongeza magazeti. Gazeti moja la Kiswahili na moja la Kiingereza kwa wiki yanatosha, na hata ya zamani ni mazuri: yale yanayouzwa kwa mafungu ya kufungia maandazi yana tahariri nzima ndani yake. Soma tahariri ya maneno 400 hivi kwa dakika tatu, ifunike, andika hoja kuu kwa sentensi moja, kisha tunga kauli tano za kweli, si kweli na haijulikani. Kutunga kauli ya "haijulikani" kunakufundisha mtego kuliko kujibu ishirini.

Nafasi ya pili: kitabu kimoja cha majaribio kilichochapwa nje

Kimoja, si vitatu. Hivi ni vile vinene vya maandalizi ya mitihani ya ajira, vingi kutoka India, vingine Uingereza. Faida yake ni wingi wa maswali yaliyopangwa kwa mada na, kwa vilivyo bora, maelezo ya kila jibu. Nunua chenye kurasa za maelezo zinazokaribia kurasa za maswali kwa wingi. Kitabu cha kurasa 400 chenye majibu kurasa 6 ni bunda la kopi lenye jalada zuri.

Vya India vina jambo moja la kujua mapema. Namba huandikwa 12,50,000, na mtu wa hapa anadhani chapa imekosewa. Ni 1,250,000: wao hutenga kwa laki, laki yetu hiihii ya 100,000, kwa hiyo isome laki kumi na mbili na nusu. Neno linaloandikwa crore ni milioni kumi. Ukishalijua hilo, rupia zao unazifanya shilingi na maisha yanaendelea. Vya Uingereza vina maili, pauni na galoni; ruka maswali ya kubadili vipimo hivyo, hayakupeleki popote.

Tatizo kubwa ni bei, na hapo wengi wanaamua kutoa kopi. Piga hesabu kwanza. Kitabu cha kurasa 240, kopi ikiwa shilingi 100 kwa ukurasa, ni 24,000 kabla ya kujalidi. Mara nyingi nakala ya mtumba ni nafuu kuliko hapo, na kutoa kopi ya kitabu kizima kuna suala la hakimiliki pia. Zaidi ya hayo, kopi ya kopi inaua hesabu. Nukta ya desimali inapotea, 3.75 inakuwa 375. Nane inageuka tatu. Alama ya kutoa inafutika. Kwenye grafu ya nguzo, rangi mbili za kijivu zinakuwa nyeusi moja, na swali la "mauzo ya sangara yalizidi ya sato kwa kiasi gani" halijibiki tena. Kama ni lazima ukubali kopi, fungua ukurasa wa grafu na ukurasa wa hesabu za sehemu kabla ya kitu kingine, na kataa ile ya kurasa mbili kwenye upande mmoja wa karatasi.

Kwa kutafuta: stesheneri kubwa za katikati ya mji huwa na vipya, vya mtumba viko kwa wauzaji wa pembezoni mwa barabara, na upande wa Nyegezi na Malimbe, karibu na wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, ambako mwisho wa mwaka wa masomo wahitimu wanauza mizigo yao badala ya kuibeba. Bei ya kwanza unayotajiwa si bei.

Nafasi ya tatu: programu za simu

Nzuri kwa jambo moja: kasi ya hesabu za kichwani, dakika kumi kwenye daladala ya Igoma au ukisubiri kivuko cha Kamanga. Ya bure inatosha. Usilipie kabla ya kujua kama inaonyesha njia ya jibu na kama inafanya kazi bila mtandao, maana matangazo yanakula bando na kukukatiza katikati ya swali lenye saa. Kwa ufahamu simu haifai: kifungu kinakaa juu, swali chini, na muda wote unapandisha na kushusha kidole.

Mwaliko ukisema mtihani utafanyika kwenye kompyuta, hela ya programu ipeleke kwenye saa mbili tatu za kompyuta. Anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza siku ya mtihani anapoteza maswali matano kwa kutafuta mshale tu.

Nafasi ya nne: darasa au semina

Madarasa haya huchipuka wiki moja kabla ya usaili. Mwalimu mzuri anakuokolea siku nyingi. Ila ukumbi wa watu 150 na spika ni kopi ileile inayosomwa kwa sauti. Kabla ya kulipa omba kuketi nusu saa, angalia kama anafanya swali ubaoni hadi mwisho na kama kuna anayesahihishiwa daftari. Watatu au wanne wenye kuitwa usaili mmoja, wakimchangia mwalimu wa hisabati wa sekondari ya mtaani kwa vipindi vinne, wanapata zaidi kwa hela ndogo.

Ya mwisho: "maswali yaliyotoka"

Ni bunda la stesheneri tuliloanza nalo, au faili la PDF kwenye kundi la WhatsApp lenye ada ya kuingia. Ni maswali ya kukumbukwa kichwani na waliotoka chumbani, yakachanganywa na ya mtandaoni. Namba zimebadilika njiani, ndiyo maana mengine hayana jibu sahihi hata moja kati ya A hadi D. Ukipewa bure, tumia maswali, tupa majibu.

Anayekuambia ana mtihani ambao haujafanyika bado ni tapeli au mhalifu, na hela yako hairudi kwa vyovyote. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Sekretarieti ya Ajira yenyewe haitozi ada ya usaili; lakini nauli, chakula na malazi ni juu yako, na tangazo la kuitwa husema hivyo waziwazi. Usimalize akiba kwenye vitabu ukakosa ya gesti.

Ukiwa na shilingi 30,000

Itenge nauli ya usaili kwanza, hii ni ya vifaa peke yake. Takriban theluthi iende kwa vitabu viwili vya shule, nusu kwa kitabu kimoja cha majaribio cha mtumba, na kinachobaki kwa magazeti, penseli na daftari kubwa la kurasa 96. Kila ukurasa wa daftari hilo ugawe safu tatu: swali, aina ya kosa, njia sahihi. Aina za kosa ni tatu tu: sikujua njia, nilijua nikakosea hesabu, nilisoma vibaya. Baada ya wiki moja, hesabu makosa ya aina ipi yamezidi. Kama "nilisoma vibaya" inaongoza, usinunue kitabu kingine cha hesabu. Rudi kwenye magazeti.

Anayetoka Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anaweza kuja mjini asubuhi na kubadilisha kitabu kibovu siku hiyohiyo, mradi alikubaliana na muuzaji na kupewa risiti. Wa Ukerewe hana nafasi hiyo. Afanye kipimo cha dakika kumi palepale dukani, na vitabu avifunge kwenye nailoni mbili kabla ya kupanda meli ya Nansio.