Programu ya kuandika mazungumzo ya redio: haijui kusema "sijasikia"

Kifurushi cha mwezi nilikilipia masika haya kwa kazi moja tu: isikilize redio ya ridhaa hapa Kigoma, iniandikie logi, yaani orodha ya mawasiliano yangu. Haki yake niitoe kwanza. Mchana, bendi ya mita 20, stesheni ya Ulaya ikiingia kwa nguvu, maandishi yanatoka safi. Nilishaipa nyota nne moyoni.

Usiku sasa, uende bendi ya mita 40, radi za upande wa Kongo zianze kupasua ng'ambo ya ziwa. Hapo inatunga. Radi ikipiga, AGC ya redio, kidhibiti sauti kinachojiendesha, inabana sauti na kuchelewa kuachia, silabi mbili tatu zinazofuata zinamezwa, na mara nyingi ndizo mwanzo wa kolsaini, yaani jina la stesheni la herufi na tarakimu. Mtu mwenye masikio angesema "rudia". Hii inajaza tu. 9U ya Burundi inaandikwa 9Q, mtu kahamishiwa Kongo bila hata alama ya kuuliza! Herufi moja ikikosewa, LoTW, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha mawasiliano, hailinganishi logi zenu na mawasiliano hayathibitishwi. Pasipo na anayeongea, mvumo mtupu, inaandika "asanteni kwa kutazama". Nani anatazama redio?

Nikawaandikia huduma kwa wateja na sauti nikaambatanisha. Jibu: tumia maikrofoni bora, kaa sehemu tulivu. Maikrofoni ipi? Sauti inatoka tundu la data nyuma ya redio, inapita transfoma ya 1:1 ya kukata mvumo wa umeme, inaingia kompyuta. Isitoshe SSB, namna tunayorushia sauti, hupitisha takriban hezi 300 hadi 2700, na kinachotofautisha "s" na "f" kwa sehemu kubwa kiko juu ya hapo. Ndiyo maana tunataja Sierra na Foxtrot badala ya herufi tupu. Na ukiifungia Kiswahili, "Five Hotel", yaani 5H, mwanzo wa kolsaini za Tanzania, inakuwa "hoteli tano". Kuhusu utulivu, wakaongee na mawingu.

Ambaye keshalipa afanye hivi: AGC iwe ya haraka au izimwe, RF gain, unyeti wa kupokea, ishushwe mpaka radi isizibe sauti. Vilele vya sauti visizidi desibeli -12. Rekodi WAV ya mono, kilohezi 16. Kipunguza kelele cha redio kizimwe, kinaharibu konsonanti. Vipande visivyo na sauti ya mtu vikatwe kabla ya kuipa, maana humo ndimo inamotungia. Saa ya programu nayo inahesabu tangu rekodi ianze, kwa hiyo andika mwenyewe UTC, saa ya kimataifa, ya mwanzo: saa mbili usiku yetu ni 1700.

Kuna sehemu ya kuweka orodha ya kolsaini unazozitarajia. Inasaidia kweli, wiki nzima niliipenda. Kisha ikaanza kuzisikia kolsaini zilezile ndani ya radi, za watu ambao hawakuwa hewani kabisa. Hili ni baya kuliko kukosea, kwa sababu jina linaonekana sahihi.

Whisper, programu ya bure ya kugeuza sauti kuwa maandishi, nayo hutunga, lakini inafanya kazi bila intaneti, na kwa kila kipande inatoa kadirio la uhakika wake na uwezekano kwamba hakuna aliyeongea. Unaweka kiwango, kinachoshuka chini yake unakisikiliza mwenyewe. Hawa wa kulipia wameficha namba hizo, halafu wanadai pesa.

Nyota moja. Kolsaini na ripoti za usikivu naandika kwa mkono, na kifurushi kikiisha sijazi tena. Labda kiangazi, radi zikipungua.