Viungo vya unga vya nyumbani: je, vinaweza kuiondoa Maggi jikoni Bukavu?

Jambo yenu wote, wamama, wababa, na ninyi wanafunzi mnaojipikia kwenye chumba cha kupanga. Hapa mezani nina vikopo vitatu. Hakuna hata kimoja chenye karatasi ya kiwanda. Nimevichanganya mwenyewe kwa vitu vya soko la Kadutu na vingine vilivyokuwa kabatini, na leo navipima kwa swali moja tu: vinaweza kuchukua nafasi ya Maggi? Nikisema Maggi nasema kama tunavyosema wote hapa Bukavu, yaani kile kipande cha mraba cha kutia ladha mchuzi, hata kama kimeandikwa jina lingine.

Mwenye haraka, chukua jibu uende zako: kopo moja linaweza, mawili hayawezi. Na lile linaloweza halina jani lolote la ajabu ndani. Lina sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu.

Tuanze na la kijani. Humu kuna puaro, seleri, kitunguu, kitunguu saumu, majani ya lorie na pilipili manga. Nililifikiria kwa ajili ya sombe na maharage. Sogeza kamera kidogo... hapo. Mnaona rangi? Bado ni kijani, kwa sababu majani yalikaukia kivulini, juu ya ungo, upepo ukipita. Ukiyaanika kwenye jua kali yanapauka, na harufu inakwenda na rangi. Wakati wake ni Juni hadi Agosti, kiangazi chetu. Mvua zikianza, kwa unyevu huu wa ziwa, utayaanika wiki nzima na bado ni laini. Hapo yasogeze karibu na mbabula makala yakiwa yanazima, pembeni, si juu yake.

Jani lililokauka linavunjika na unalisikia. Likikunjika, rudisha. Kitunguu saumu na tangawizi ndivyo vinavyodanganya zaidi: nje vimekauka, katikati bado vina maji. Kata vyembamba kabisa, na usisage kipande ambacho hakivunjiki. Vikiota ukungu ndani ya kopo, usikwangue juu ukaendelea kupika. Tupa kopo zima.

Sasa utamu. Kwenye maharage, kopo hili nalipenda. Kwenye sombe, hapana, na kosa si lake. Puaro na seleri vibichi viko Nyawera kila asubuhi, mama anakufungia fungu zuri, sasa unakausha kwa sababu gani? Lifanyie kazi jioni ile umerudi umechoka na soko limefungwa. Kijiko kimoja cha majani makavu kinasimama mahali pa vijiko vitatu vya mabichi. Na persi wala usijisumbue kuikausha, inabaki majani tu bila kitu. Lorie na rozmari ndizo zinazokaa na harufu yake zikikauka.

Kopo la pili, la kuchomea nyama. Bizari nyembamba vijiko viwili, giligilani viwili, pilipili manga kimoja, tangawizi kavu kimoja, manjano nusu, pilipili yetu kali kadiri ya moyo wako. Hili ndilo linalonukia kuliko yote matatu. Aliyekuwa anapita mlangoni wakati nakaanga alisimama kuuliza kuna nini leo. Bizari, giligilani na pilipili manga kaanga zikiwa nzima, bila mafuta, moto mdogo, mpaka harufu ipande. Ziache zipoe ndipo usage. Ukisaga zikiwa za moto, mvuke unabaki ndani ya unga. Manjano usiikaange kavu, inaungua upesi. Rangi yake inayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hapana, kwa hiyo pakaza nyama mafuta kwanza, kisha kiungo. Kwa mbuzi wa mishikaki na tilapia wa kuchoma, hapa sina neno. Nunua mbegu nzima, saga kidogo kidogo, kwa maana unga unapoteza harufu haraka kuliko mbegu.

Lakini weka kijiko cha hili kwenye mchuzi wa kila siku, bila nyama, uone. Kunanukia vizuri, halafu ukionja unasema, kuna kitu hakipo. Kitu hicho ndicho Maggi inachouza.

Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, alichemsha mwani wanaoutumia kwenye supu zao akatoa ndani yake glutamati, ile ladha ya kujaza mdomo tunayoijua kwenye nyama iliyochemka muda mrefu. Mwaka huohuo, kule Uswisi, kampuni ya Julius Maggi ikatoa kipande cha supu. Mimi hiyo bahati inanichekesha kila nikiifikiria. Bizari na seleri zina harufu, lakini ladha hiyo zina kidogo mno. Ndiyo maana watu wanaacha Maggi Jumatatu kwa sababu ya video fulani, na Alhamisi wameirudia.

Ndipo kopo la tatu linaingia. Sambaza wakavu vijiko vitatu vya unga, kitunguu kikavu viwili, uyoga mkavu kimoja ukiupata, kitunguu saumu kimoja, pilipili manga nusu. Samaki mkavu ana ladha yake, inosinati, ambayo ikikutana na glutamati ya nyanya sufuriani, zote mbili zinapanda kuliko kila moja ikiwa peke yake. Nyanya mbichi, basi, ziwe tayari kwenye mchuzi wako. Kuzikausha kwa hewa ya hapa ni kujitesa, zinanata tu. Na msiseme sambaza ni wa tangu mababu: aliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Chambua sambaza, toa mchanga, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike kwa kidole, poza, twanga, chuja. Fungua dirisha kabla, nawaambia mapema. Sufuria ya watu wanne, kijiko kimoja cha chai, kiingie nyanya zikianza kulainika. Ukizidisha, mchuzi wote ni samaki. Kwa kipimo hicho, wengi mezani kwangu walidhani nimetia Maggi. Samaki ana mafuta, na mafuta yanachacha, kwa hiyo tengeneza kidogo na umalize ndani ya mwezi. Mgeni asiyekula samaki, mwambie kabla hajanawa mikono.

Mtaniuliza chumvi iko wapi. Haimo katika kopo hata moja, na nimefanya hivyo makusudi. Geuzeni karatasi ya Maggi msome: viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi, na mara nyingi cha kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyo tayari kwenye mkate na samaki wa chumvi. Chumvi ikikaa pembeni unaiona kwa macho unapoitia. Halafu kuna hili la Bukavu: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi inavuta maji. Kopo lenye chumvi, mwezi wa kumi na moja, unalipiga kwa kijiko halitoki kitu.

Bei? Hapo Maggi inashinda kwa anayenunua chakula cha siku kwa siku, maana inauzwa kipande kimoja kimoja, na sitamdanganya mtu. Viungo hivi vinakufaa ukiweza kutoa pesa ya mwezi mara moja. Na usivichukue kwenye chupa ndogo za dukani, utalipia chupa.

Mashini ya kusagia si lazima. Umeme wenyewe mnaujua, na kinu kinaponda bizari vizuri kabisa. Chujio la matundu madogo ndilo la kununua kwanza, kwa sababu ya mifupa ya sambaza.