Kisanduku cha Kubebea Paka cha Shilingi 95,000: Barabarani Kinafaa, Ndegeni Hapana

Kisanduku hiki cha plastiki nilikinunua Arusha, katika duka la vifaa vya wanyama upande wa Njiro, pamoja na furushi la mapazia, trei ya mchanga ya paka kujisaidia na bakuli la maji, ambalo muuzaji aliliita "seti ya maonyesho" na ambalo liliniongezea gharama ya shilingi 60,000. Mwakani ninakwenda Ujerumani kwa masomo ya miaka 2, paka wangu Karanga nitakwenda naye, na nimekusudia kumshindanisha katika maonyesho ya paka ya huko, kwenye kundi la paka wa nyumbani wasio na ukoo ulioandikwa, kwa kuwa yeye nilimwokota mtaa wa Majengo, Moshi, na baba yake hajulikani. (Jina limetokana na rangi ya manyoya yake, wala si mto Karanga, ingawa watu wa Moshi hawaniamini.)

Nimekijaribu kwa safari mbili za kwenda na kurudi kati ya Moshi na Arusha, kilomita 80 hivi kila upande, ndani ya Kosta iliyojaa, na naamini hakuna kipimo kikali zaidi ya hicho. Sifa yake kubwa ni mlango wa juu. Paka mwenye hofu hujibana nyuma kabisa ya kisanduku, na ukimvuta kwa mlango wa mbele anashika kila kitu kwa makucha. Kwa mlango wa juu unaingiza mikono miwili chini ya kifua chake, naye anatoka bila ugomvi. Aidha, nusu ya juu yote hufunguka, hivyo daktari wa mifugo alimchoma chanjo akiwa bado ameketi juu ya taulo lake, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimfuge. Kwa anayekwenda kwenye maonyesho, ambako paka hutolewa kizimbani, yaani katika tundu lake la waya, na kupelekwa mezani kwa mwamuzi mara kadhaa kwa siku, urahisi huo wa kumtoa na kumrudisha una thamani kuliko rangi au umbo.

Kasoro yake ni klipu. Nusu mbili zimeshikizwa kwa klipu za plastiki 8, na tulipokaribia Tengeru moja ilifyatuka kwa mtikisiko, nikalazimika kukizungushia kisanduku kanga na kukipakata hadi stendi. Ilikuwa bahati kwamba kilikuwa kando yangu, maana kondakta alikuwa ameshikilia kwamba "mzigo wa mnyama" uende kwenye buti, na nilimshawishi kwa kulipa kiti cha pili. Ningemshauri yeyote apange nauli hiyo ya ziada tangu mwanzo kuliko kubishana mlangoni huku paka analia. Kuhusu chakula, nilimnyima kwa saa 4 kabla ya kuondoka. Safari ya kwanza sikufanya hivyo, na tulipofika Bomang'ombe abiria wote walijua.

Klipu hizo hizo ndizo zinazokiondoa kisanduku hiki katika safari ya ndege. Paka anayesafiri sehemu ya mizigo huhitaji kisanduku kigumu kilichofungwa kwa nati na bolti, chenye matundu ya hewa pande zote 4, ilhali hiki kina matundu pande 3 tu. Ndani ya ndege nako hakiingii chini ya kiti, kwani huko hufaa zaidi mfuko laini unaobonyea. Muuzaji aliniambia kinafaa "popote duniani", na hapo alitia chumvi. Kwa ukubwa, hata hivyo, sina lawama: nilimpima Karanga kwa utepe wa fundi cherehani kutoka puani hadi shina la mkia, nikaongeza nusu ya urefu wa mguu wake wa mbele, na urefu wa ndani ulitosha. Anasimama, anageuka na kujinyoosha.

Seti ya maonyesho ni hadithi nyingine. Mwenye paka hutundika mapazia pande 3 za kizimba ili paka wake asitazamane na jirani na kuanza kufoka, na vizimba vingi vya paka mmoja huwa na sentimita 60 hivi kila upande. Mapazia niliyouziwa yana upana wa sentimita 45, ni ya nailoni inayoteleza, tena yamechapwa picha za paka, kana kwamba mwamuzi angesahau amekuja kuona nini. Nilikwenda soko la Memorial, Moshi, nikapata pazia zito la pamba nyeupe kwa shilingi 5,000, na fundi akalikata na kulipinda kwa shilingi 4,000. Nyeupe niliichagua kwa makusudi: katika maonyesho ya Uingereza, ambako maonyesho ya paka ya kisasa yalianza mwaka 1871 katika jumba la Crystal Palace, London, blanketi, trei na bakuli vimezoeleka kuwa vyeupe ili mwamuzi asitambue paka ni wa nani. Trei ya mchanga nayo ni fupi mno kwenda juu, na maranda niliyotia yalisambaa sakafuni kwa dakika moja. Bakuli la maji la kutundika kwenye waya ndilo pekee ninalolisifu.

Kabla hujanunua chochote, tazama kalenda. Kuingia nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania, paka huwekewa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha hupewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Damu hutolewa baada ya siku 30 au zaidi na kupimwa katika maabara iliyoidhinishwa, halafu hungoja miezi 3 tangu siku ilipotolewa. Hiyo ni miezi 4 kamili, kwa hiyo kisanduku cha barabarani utakihitaji mapema kwa safari za daktari, na mfuko wa ndege unaweza kuununua baadaye.

Duka lilinipa klipu mpya 2 bila malipo nilipolalamika, lakini mapazia lilikataa kuyapokea. Kisanduku ninabaki nacho. Kimekaa sebuleni mlango ukiwa wazi, na tangu wiki iliyopita Karanga analala humo bila kulazimishwa.