Sanduku la kufuli tatu: je, linazifaa mutualite zetu za Goma?

Mutualite (vyama vya kusaidiana) nyingi za Goma, ziwe za ukoo, za watu waliotoka eneo moja au za waliosoma pamoja, huanza kwa kilio na hufa kwa hesabu. Mtu akifiwa, wote wanachanga jeneza, bashi (turubai) na viti. Miaka ikipita, pesa ziko kwa mtu mmoja, daftari liko kwake, na vijana wanaacha kuja kwa sababu hakuna anayewaonyesha kilichobaki. Ndiyo maana tunalipima hapa sanduku la chuma linalotumiwa na vikundi vya AVEC, yaani vikundi vya mtaa vya kuweka akiba na kukopeshana, tukiwafikiria hasa wazee wa mutualite wanaouliza kama linaweza kuwaokoa.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Sanduku la chuma lenye sehemu tatu za kufuli, makufuli matatu ya funguo tofauti, kaye (daftari dogo) moja kwa kila mwanachama, muhuri na wino wake, mabakuli mawili ya kuhesabia, mifuko miwili ya kitambaa (mmoja wa akiba na mikopo, mwingine wa msaada), kalamu, rula na mashine ya kuhesabu. Njia hii ilianza Niger mwaka 1991, katika vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, na leo Goma na Bukavu wengi wanaijua.

Nguvu yake iko katika kugawa mikono. Sanduku linakaa kwa mtu mmoja, lakini funguo ziko kwa wengine watatu, na hao watatu wasiwe katika kamati. Kwa hiyo haliwezi kufunguliwa bila mkutano. Katika kila mkutano, kila mmoja ananunua hisa kati ya 1 na 5, na kila hisa inagongwa muhuri mmoja kwenye kaye yake. Nafasi zilizobaki wazi zichorwe mstari papo hapo, maana hapo ndipo mtu anaweza kuongeza muhuri baadaye. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki kwenye kila mfuko kinatangazwa kwa sauti, wote wanakishika kichwani, na mkutano unaofuata unaanza kwa kukiuliza. Mama asiyejua kusoma anaweza kumbana prezida kwa namba aliyoikariri. Hili peke yake linatosha kulipa bei ya sanduku.

Thamani ya hisa ipangwe kwa kumtazama mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Chukua kikundi cha watu 20, hisa ikiwa faranga 2,000. Wakinunua hisa 2,600 kwa mwaka, akiba ni faranga 5,200,000. Riba na faini zikiufikisha mfuko kwenye 5,980,000, kila hisa inarudi na 2,300, na mwenye hisa 130 anapokea 299,000. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu, na urudi ndani ya miezi mitatu. Mzunguko ufungwe kati ya miezi 9 na 12, kila kitu kigawanywe, ndipo muanze upya. Mutualite zetu za zamani hazifungi hesabu kamwe, na hapo ndipo ugomvi unapolala miaka.

Sasa ubovu wake. Makufuli ya bei ndogo yanayouzwa pamoja mara nyingine yanafunguliwa na ufunguo mmoja. Jaribuni kila ufunguo kwenye kila kufuli mbele ya muuzaji, au nunueni kwenye maduka matatu. Bawaba zilizofungwa kwa misumari ya nje zinatolewa kwa bisibisi bila kugusa kufuli, kwa hiyo mwambieni fundi azichomelee, na azichomelee pia pete za kufuli. Chagueni bati nene lisilobonyea ukilikandamiza kwa goti. Mvua ya hapa, ikichanganyika na gesi za Nyiragongo, inakula mabati haraka. Sanduku lipakwe rangi ya kuzuia kutu, liwekwe juu ya ubao na mbali na paa linalovuja, na kaye zikae ndani ya mfuko wa plastiki.

Tatizo kubwa zaidi ni usalama. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, pesa taslimu zimekuwa na kazi zaidi, na sanduku lililojaa ni hatari kwa anayelitunza. Dawa ni kulifanya lisijae: pesa zikopeshwe siku ileile, kibaki kidogo cha kilio na ugonjwa. Kipindi cha hatari ni majuma ya mwisho, mikopo inaporudi kabla ya mgawo. Gawanyeni siku hiyohiyo ya marejesho ya mwisho, mchana, na tarehe isitangazwe nje ya kikundi. Mkiweka dola, kataeni noti iliyochanika hata kidogo, kwa kuwa sokoni itakataliwa na hasara itakuwa ya wote. Msichanganye dola na faranga katika mfuko mmoja.

Wengi wanasema kuweka na kutuma pesa kwa simu kunatosha. Simu inasaidia kwa ndugu walio Kampala au Kinshasa, lakini namba ni ya mtu mmoja na namba ya siri anaijua yeye. Aliye mbali atume kwa mwanachama atakayehudhuria, huyo atoe pesa na kuziweka bakulini mbele ya watu, muhuri ugongwe. Gharama ya kutoa aibebe mtumaji.

Vyama vya kusaidiana kupoteza watu si tatizo la Afrika peke yake. Odd Fellows, chama cha udugu cha Uingereza na Marekani, walikuwa na vyeo, mavazi na siri, lakini kilichowavuta wafanyakazi wengi kilikuwa msaada wa mgonjwa na pesa za mazishi. Uingereza ilipotunga sheria ya bima ya taifa mwaka 1911, na Marekani ilipoanzisha Social Security (mpango wa serikali wa pensheni) mwaka 1935, mzigo huo ulianza kuhamia kwa serikali na makampuni, na sababu ya kuingia ikapungua. Knights of Columbus, chama cha udugu cha Wakatoliki kilichozaliwa New Haven, Marekani, mwaka 1882, bado wana bima yao hadi leo. Kwetu hali ni nyingine. Hakuna bima iliyokuja kuchukua nafasi ya ndugu, na hitaji ni lilelile. Kilichokimbia ni imani juu ya hesabu, na hiyo sanduku linaweza kuirudisha.

Lisichoweza kufanya ni kubeba mutualite nzima ya watu 80. Kikundi cha sanduku moja ni watu 15 hadi 25. Zaidi ya hapo mkutano unachukua mchana mzima, na watu wanaanza kutuma kaye bila kuja wenyewe. Ligaweni kundi kwa mitaa, kwa mfano Katindo, Majengo, Himbi na Ndosho, kila mtaa sanduku lake. Prezida mkuu abaki na kazi ya kuunganisha mitaa yote siku ya kilio, asipewe ufunguo wowote.