Spoti welda ndogo kwa ncha za themokapo, uzoefu wangu

Mimi natengeneza oveni za mikate hapa Arusha na kinachonisumbua kila siku ni themokapo (kihisi joto cha waya mbili za metali tofauti zilizoungwa kwenye ncha), ile taipu K, waya zake mbili zikiachana kwenye ncha basi mita ya joto inasoma vitu vya ajabu. Kusokota tu haidumu, na lehemu ya kawaida sahau, inayeyuka kwenye 183 wakati oveni inapanda hadi 250.

Basi nikaagiza mtandaoni spoti welda (mashine ya kuunga chuma kwa pigo fupi la umeme) ya mkononi ya kuchaji, yenye peni mbili za shaba, mpaka inanifikia elfu 70 imeondoka. Kwenye vibati vya nikeli vya betri jamani inabana safi, sina neno. Ila mletee waya wa nusu mili, hata uweke namba ya chini kabisa, waya unalipuka au unang'ang'ania kwenye peni, ukivuta tu umekatika. Wiki ya tatu ikaanza kupiga yenyewe bila kubonyezwa, kufungua nikakuta mosfeti, ile swichi ya kielektroniki ya ndani, imeungua.

Nikaona isiwe tabu, nikaunda yangu. Transfoma ya volti 24 ya ampifaya mbovu, dayodi nne, kapasita (za kutunza umeme na kuuachia kwa mpigo) nne za mikrofaradi 10,000 za volti 63 chanya kwa chanya hasi kwa hasi, zinachajiwa kupitia rezista ya om 100 huku unaangalia mita, volti zikifika unaachia swichi. Upande mmoja plaizi imeshika waya zilizosokotwa, upande mwingine kijiti cheusi cha ndani ya betri la redio (yale ya bei chee, alkalaini hazina), maana kaboni haigandi na waya. Gusisha, pa! kinabaki kishanga kidogo kinang'aa.

Volti ndo zilinipotezea waya nyingi, maana ukitoka 20 kwenda 30 nguvu inapanda zaidi ya mara mbili, jouli 8 inakuwa 18. Kwangu 20 inashika nusunusu, 34 ncha yote inaruka cheche, 28 ndo tamu. Na miwani uvae.

Kupima themokapo uliyounga tumia maji yanayochemka, huku kwetu juu ni 95 hivi usije ukaitupa nzima ukisubiri 100. Waya za shaba bado zimenishinda, joto linakimbia kabla ncha haijayeyuka.

Ile ya kununua nilimpa dogo mmoja anayefunga betri, akabadilisha mosfeti, anaisifia mpaka leo.