Nimelipa pauni 20 niswagwe kama mbuzi mbele ya Gibson Hall

Mnisamehe, hasira bado ninayo. Juzi kati nilikwenda London kwa dada yangu, nikalipia matembezi ya miguu ya kuona majengo ya kale eneo la mabenki. Kampuni siitaji. Shida yangu ilikuwa jengo moja tu: Gibson Hall, mtaa wa Bishopsgate, yaliyokuwa makao makuu ya National Provincial Bank, kazi ya John Gibson ya mwaka 1865.

Mimi ni fundi ujenzi. Jengo lile halina ghorofa hata moja, lakini ukisimama chini yake unajiona mdogo. Nguzo nene zimejipanga hadi kwenye kona, na kona yenyewe wameizungusha, mawe yanapinda nayo bila mstari kuyumba. Aliyewahi kupiga lipu ukuta wa mviringo anajua jasho lake. Wenzetu walifanya kwa jiwe! Juu ya madirisha kuna michongo: kilimo, biashara, ubaharia. Kwenye ukingo wa paa zimesimama sanamu, zikifuata mstari wa nguzo.

Nikaanza kuzihesabu. Sijafika ya nne, kijana anayetuongoza akanipigia makofi usoni, pa pa pa! Akasema hiyo ni benki ya zamani tu, nisicheleweshe watu, twende kwenye mnara.

Mnara ni Tower 42, mita 183, uko hapo hapo nyuma. Alituweka chini yake karibu robo saa akisifia urefu. Hakugusia kabisa kwamba mpango wa awali wa mnara huo, miaka ya 1960, ulitaka Gibson Hall libomolewe, watu wakapinga, likapona. Sasa kama hilo husimulii, unalipwa kwa lipi?

Nyota moja. Dada anasema nimemwonea, kijana ana ratiba, na kweli vichochoro vya kule alivijua vizuri, peke yangu ningepotea. Haya, mbili. Lakini nikiyakumbuka yale makofi, mtu wa umri wangu, mbele ya wageni... hapana. Moja, na pesa yangu ningeitaka.

Kesho yake nilirudi peke yangu asubuhi. Nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka shingo ikauma. Mwanga ulikuwa umeingia kwenye majani yaliyochongwa vichwani mwa nguzo, na kila jani lilikuwa na kivuli chake.