Tahadhari: mbao za "mepo ya Kanada" za skeitibodi za umeme zinazouzwa mtandaoni ni plaiwudi ya ujenzi

Ndugu zangu mnaojiandaa kuunda skeitibodi ya umeme (ubao wa magurudumu unaoendeshwa na mota na betri) kwa mara ya kwanza, hasa mlioko Dar es Salaam na mikoani mnaonunua vifaa kupitia mitandao ya kijamii, naomba mjihadhari na muuzaji anayetangaza mbao "maalumu kwa umeme" na kudai kuwa ni mepo ya Kanada yenye tabaka nane, inayobeba kilo 120. Mpwa wangu alinunua ubao mmoja kwake, nao ulipasuka chini ya miguu yake kabla hata mota haijafungwa. Hakuumia, kwa kuwa alikuwa amesimama tu akijaribu uimara wake uani. Jina la muuzaji halitawasaidia, maana ameshabadili jina la ukurasa wake. Kwa hiyo nitaieleza bidhaa yenyewe ili muitambue hata ikija kwa jina jingine.

Mepo ni ule mti mgumu wa Amerika Kaskazini ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Viwanda huupasua kuwa tabaka nyembamba za takriban milimita moja na nusu, huzipaka gundi na kuzibana ndani ya kalibu, na ndiyo maana ubao halisi mara nyingi huwa umebonyea kidogo katikati ili miguu ishike. Katika ubao wa kawaida wa tabaka saba, tabaka tano hulazwa kufuata urefu na mbili hukatiza, kwa sababu uzito wa mpandaji huupinda ubao kwa urefu na nyuzi za urefu ndizo zinazoubeba. Ubao tulioletewa una unene wa milimita 12, lakini ndani yake mna tabaka tano tu, nene na laini, zilizopishanishwa moja kwa urefu na moja kwa upana, tena zenye mapengo ambayo gundi haikuyafikia. Hiyo ni plaiwudi ambayo mafundi ujenzi huitumia kushikilia zege mpaka likauke. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 hutoa mbao nane za ukubwa huo, na kila ubao anauuza shilingi 150,000. Juu amebandika msasa mweusi, chini amebandika picha, na kingo amezipaka rangi nzito, kiasi kwamba mnunuzi haoni mti popote.

Kilichonikasirisha zaidi ni kile anachokiita "nafasi ya betri". Upande wa chini, katikati ya ubao, amechimba kwa mashine shimo la kina cha milimita 7 na kulitangaza kuwa ndilo linaloutofautisha ubao wake na mwingine wowote. Seli za 18650 (betri ndogo za lithiamu zenye umbo la silinda), ambazo wengi wetu huzitumia kuunda betri hizi, zina kipenyo cha milimita 18. Haziwezi kuenea katika shimo hilo, na bado utahitaji kisanduku cha kufungia chini. Shimo hilo halimpi mnunuzi faida yoyote, ila limeuacha ubao na milimita 5 za plaiwudi mahali pale pale unapopindika zaidi mtu anaposimama. Ufa wetu ulianzia kwenye ukingo wa shimo hilo.

Tafadhali fikirini kama ufa huo ungetokea baadaye. Betri ya seli kumi mfululizo ikijaa chaji hufikia volti 42, na seli zake huunganishwa kwa vipande vyembamba vya nikeli vilivyochomelewa. Ubao ukipinda kupita kiasi kila ukikanyagwa, viungo hivyo hulegea, nyaya husuguana hadi ganda lake linachubuka, na shoti ikitokea ndani ya kisanduku kilichofungwa, betri ya lithiamu huweza kuwaka moto ambao ni mgumu sana kuuzima. Hayo yote yangekuwa yakitokea chini ya miguu ya kijana anayekwenda kilomita 30 kwa saa barabarani.

Matundu ya bolti za kufungia ekseli za magurudumu nayo yametobolewa kwa kukadiria. Matundu manne ya kila ekseli hutakiwa kuachana milimita 41.3 kwa upana na ama 54 au 63.5 kwa urefu, na seti ya mbele na ya nyuma zifuate mstari mmoja wa katikati. Kwenye ubao wetu seti ya nyuma imekaa upande, hivyo ekseli mbili hazilingani, na skeitibodi ya namna hiyo huvuta upande mmoja.

Namna yake ya kuuza ni hii: hutaka fedha yote kwa simu kabla ya kutuma, hutuma mzigo kwa basi, na huahidi kurudisha fedha ukiwa na kasoro. Tulipompelekea picha za ufa alijibu kwamba mpandaji amezidisha uzito, ingawa kijana hafikishi kilo 70. Kisha akataka shilingi 40,000 nyingine "za kubadilishia", na tulipokataa akatufungia mawasiliano. Picha zake zimeonekana tena kwenye ukurasa mpya, zikiwa zimepigwa juu ya sakafu ile ile yenye kigae kilichopasuka kwenye kona.

Kabla ya kulipa ubao wowote, mwombeni muuzaji video ya karibu ya ndani ya tundu la bolti, kwa kuwa hapo rangi kwa kawaida haifiki na tabaka zinaonekana kama mistari. Zihesabuni, na mtazame kama ni nyembamba na zinalingana. Akikataa, mwacheni. Kwa ubao wa kwanza chagueni ulio mgumu, wenye urefu wa sentimita 95 hadi 105, usiochimbwa chochote. Mbao za mianzi na faibaglasi zinazonesa ni nzuri kwa kusukuma kwa mguu, lakini mara nyingi hudai betri na kidhibiti cha mota vitengwe katika visanduku viwili, kazi isiyomfaa anayeanza. Kwa maoni yangu, ubao mrefu wa mtumba ulio halisi na usio na ufa una thamani kubwa kuliko kumi za huyu bwana.

Aliyekwisha kununua asifunge betri wala mota kwenye ubao huo, bali aukwangue rangi ukingoni ajionee. Atunze ujumbe wa malipo, mazungumzo na picha za tangazo. Namba ya simu ya tapeli inaweza kuripotiwa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Malalamiko ya bidhaa iliyotangazwa kwa uongo yanapelekwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na polisi nao wapewe taarifa. Sisi tumeshaanza kuwasilisha vielelezo vyetu, na malalamiko ya wanunuzi wengine wa ubao huu yataonyesha kuwa si kasoro ya ubao mmoja.